Chazo na Papa Aliyekula Upepo

Ngano, jamani, ngano!

— Itupe majini tuione ikielea!

Ikizama je?

— Tutaipigia mbizi!

Haya, sogeeni. Na wewe huko nyuma acha kutafuna muwa, nasikia muwa tu.

Alikuwepo papa. Papa huyu alikuwa mkubwa, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, na makazi yake nje ya mwamba, upande wa mashariki ya Unguja, pale maji yanapogeuka buluu ghafla. Na chini ya tumbo la papa alikaa chazo.

Chazo mnamjua?

— Hatumjui!

Chazo ni samaki mwembamba, urefu wake kama mkono wa mtoto. Juu ya kichwa ana kitu kama soli ya ndala. Anakuja chini ya samaki mkubwa, anabandika ile soli, nyap! Keshashika. Mkubwa akienda, naye anaenda. Mkubwa akila, makombo yakidondoka, chazo anadaka. Naye kwa upande wake anamsafisha mwenziwe, anamtoa chawa wa baharini kwenye ngozi na kwenye matamvua. Ndivyo walivyoishi hawa wawili, na hawakuwa na ugomvi.

Basi Papa akaingiwa na tamaa. Siku hiyo alikuwa anatafuna jodari, kipande kikamtoka mdomoni, kikashuka, Chazo akakidaka, ng'wa! Papa akafikiri, "Kipande kile kilikuwa changu." Akafikiri tena, "Na cha jana kilikuwa changu. Na vyote alivyokula huyu tangu aje ni vyangu." Tangu hapo akawa anatafuna kafunga mdomo, kaubana kabisa, kisitoke kitu.

Akakamata pweza. Chazo akasema, "Bwana Papa, hata kiduchu?"

Papa akasema, "Hata kiduchu." Ng'wamu! Akameza na mikono yake yote.

Akakamata taa. Chazo akasema, "Bwana Papa, hata kiduchu?"

"Hata kiduchu." Ng'wamu! Akameza na mwiba wake.

Akakamata ngisi, mdogo tu, hata hakuwa na njaa. Chazo akasema, "Bwana Papa, hata..."

"Hata!" Ng'wamu! Akameza na wino wake.

Chazo akakonda. Akakonda mpaka soli ikawa haishiki vizuri, Papa akipinda ghafla yeye anateleza mpaka karibu na mkia. Mtauliza, mbona asihame? Ahamie wapi? Chazo akiwa peke yake bahari kuu ni kitoweo. Kila mwenye mdomo anamtaka. Kilichokuwa kikimlinda ni kwamba hakuna samaki anayethubutu kusogelea tumbo la papa.

Ikaja siku Papa hakupata kitu. Asubuhi hakupata, jua likapanda hakupata. Akatulia. Kisha akasema kwa sauti ya upole, sauti ambayo Chazo hajawahi kuisikia:

"Chazo, hebu njoo huku mbele nikuone."

"Unione nini, bwana?"

"Nikuone tu. Siku nyingi sijakuona uso."

Chazo akajua mambo yameharibika. Akasema, "Nakuja, bwana. Namalizia chawa mmoja hapa. Nikimwacha sasa hivi atakimbilia kwenye tamvua."

Papa akangoja. "Umemaliza?"

"Bado, bwana. Kumbe ana mke."

Papa akangoja. "Umemaliza?"

"Bado kidogo. Wana watoto."

Papa akaanza kujipinda ili amfikie mwenyewe. Na hapo ndipo waliposikia sauti juu ya maji, sauti nyembamba, haikatiki: wiiiiiiiii!

Sasa tuwaache hao wawili, twende pwani kidogo.

Pwani alikuwepo binti akiitwa Mize Pandu. Kazi yake kufundisha watu kaiti. Kaiti mmeiona: mtu anajifunga mkanda kiunoni, mkanda umeunganishwa kwa nyuzi ndefu na tiara kubwa ya kitambaa, tiara inapanda juu, upepo unaivuta, na yeye kasimama juu ya ubao anateleza baharini. Lakini Mize siku ile alikuwa na ubao wa namna nyingine. Chini ya ubao huu kuna mguu wa chuma unaoshuka majini, na mwisho wa mguu kuna mabawa. Ukipata mwendo, yale mabawa yanaunyanyua ubao juu ya maji, kiasi cha goti na zaidi. Mtu anakwenda hewani. Kilichobaki majini ni chuma tu, na chuma kinaimba.

Mize alikuwa ameshaujua vizuri ubao huo, na akiupanda hataki kushuka. Mwenziwe aliyekuwa akiendesha boti ya kuokolea watu, anaitwa Vuai, akamfuata mpaka maji ya magoti.

"Mize, leo usitoke nje ya mwamba. Mashine imekataa kuwaka. Ukipatikana na jambo siwezi kukufuata."

"Naenda mlangoni tu, nageuza."

"Mlangoni tu?"

"Mlangoni tu, kaka Vuai."

Mlango wenyewe ni ule uwazi kwenye mwamba, vyombo vinapopita kwenda nje. Mize akainyanyua tiara yake nyekundu, upepo ukaishika, ubao ukapanda juu. Wiiiiiii! Akapita mashamba ya mwani, akapita nanga za watu, akafika mlangoni. Upepo ulikuwa mzuri, haupigi kwa vishindo, unasukuma tu kama mkono. Akageuza?

— Hakugeuza!

Hakugeuza. Akatoka nje. Akajiambia ataenda kidogo, na ile kidogo akaiongeza kidogo.

Huko nje likapita wingu la mvua. Mvua yenyewe haikunyesha, lakini lile wingu likaufyonza upepo wote likaondoka nao. Tiara ikalegea. Ikayumba huku, ikayumba kule, ikaanguka majini, pwaa! Ubao ukashuka, na Mize akashuka nao mpaka kifuani.

Hakuogopa bado. Mtu wa kaiti kuanguka ni kila siku. Akaushika ubao, akangoja upepo urudi. Akatazama upande huu, akatazama upande ule. Akaliona pezi.

Lilikuwa linakuja taratibu, halina haraka.  Mize akapanda juu ya ubao, akakunja miguu, akajikusanya kama mtu anayeoga kwa maji ya baridi. Akaanza kusoma dua, lakini dua zikamchanganyikia kichwani, akajikuta anasoma ya kula.

Papa akamzunguka. Akamzunguka tena. Kisha akauliza, "Chazo, nini kile?"

Chazo akachungulia. Akauona mguu wa chuma na mabawa yake. Akamwona mtu kajikunja. Akaiona na tiara kule mbali imelala juu ya maji, nyekundu, kubwa, ukingo wake umejaa hewa umevimba. Halafu akautazama ubao kwa chini. Ulikuwa mpana, laini, safi. Akautazama upande wa mbele, akautazama upande wa nyuma. Kilichompendeza zaidi ni kwamba hauna mdomo.

Akasema, "Bwana Papa, humjui yule? Yule ni Papa wa Juu."

"Papa wa Juu?"

"Yeye anaogelea kwenye upepo. Leo upepo umekatika, kaanguka. Tazama alivyolala kule, tumbo wazi."

"Na hili bawa gumu hapa?"

"Pezi lake la chini."

"Limekuwaje mbali na mwili?"

"Ndivyo walivyo wakubwa, bwana. Viungo vyao haviko karibu karibu."

Papa akaridhika. Akamtazama Mize. "Na huyu aliyejikunja?"

"Huyu? Huyu ni chazo wake. Huoni alivyofungwa naye kiunoni?"

Papa akasogea. Akamtazama Mize kwa jicho moja, akageuka akamtazama kwa la pili. "Chazo huyu anaonekana mtamu."

"Mifupa mitupu, bwana. Machazo ndivyo tulivyo, maji yanatuvimbisha tu. Utapata nini kwake? Utachokonoa meno mpaka kesho. Lakini yule mkubwa hana mfupa hata mmoja. Hana mwiba, hana gamba. Kajaa kutoka ncha hii mpaka ncha ile."

"Kajaa nini?"

"Mwenyewe utaonja."

Papa akameza mate. Akasema, "Na wewe usije ukaniomba."

"Mimi? Hata kiduchu, bwana."

Papa akaondoka kwenda kwenye tiara. Alipita chini ya ubao karibu sana, ngozi yake ikakwaruza lile bawa la chuma, krrrr! Mize akaisikia ile krrrr mpaka kwenye meno yake. Na palepale Chazo akajiachia kwa Papa akajibandika chini ya ubao, nyap!

Papa alipoifikia tiara akafungua mdomo wote, mdomo kama mlango wa banda la ng'ombe, akaiuma pale ilipovimba.

PUUUUUUUU!

Hewa yote ikamwingia mdomoni. Samaki mwingine angeitema. Lakini huyu alishajizoesha, chakula kikiingia mdomo unafungwa kisitoke kitu. Akaufunga. Hewa ikatafuta njia, ikapata ya kwenda tumboni, ikashuka yote. Papa akashtuka. Hajawahi kula kitu kinachojisukuma chenyewe. Akapiga mkia akakimbia, tiara imemkwama menoni.

Na nyuzi za tiara bado ziko kiunoni kwa Mize.

Zikakaza, ting! Mize akang'olewa pale ubaoni, akavutwa. Mkono mmoja ulikuwa umeushika ubao na haukuuachia, kwa hiyo ubao nao ukavutwa, na Chazo chini yake. Chazo akaona anarudishwa kulekule alikotoka. Akasema, "Dada, achia! Achia!" Lakini Mize alikuwa chini ya maji, maji yamemjaa puani, hasikii kitu.

Kwenye mkanda wa kaiti kuna kishikio chekundu, cha kujifungulia mambo yakiharibika. Mize amewafundisha watu wengi: ikikuvuta, vuta chekundu. Kila mwanafunzi humwambia hivyo kabla hajamwambia jina lake. Sasa yeye mwenyewe anapapasa tumboni, hakioni. Akapapasa kushoto, hakipo. Kifua kikaanza kuwaka. Akapapasa katikati, akakigusa, akakivuta kwa nguvu zote. Tak!

Nyuzi zikaenda zake. Mize akaibuka, akakohoa, akatapika maji ya chumvi, akalala kifudifudi juu ya ubao akaanza kupiga makasia kwa mikono. Hakutazama nyuma.

Papa kule alitaka kuzama. Akainamisha kichwa, mkia ukabaki juu. Akainamisha mkia, kichwa kikabaki juu. Tumbo limejaa upepo, limekuwa kama boya. Mwisho akapinduka, tumbo jeupe juu, na kile kitambaa chekundu kimemzunguka kichwa na kumfunika macho. Akaita:

"Chazo! Chazo, uko wapi?"

Chazo akajibu kutoka chini ya ubao, "Niko palepale chini ya tumbo lako, bwana."

"Mbona sauti inatoka mbali?"

"Tumbo limekuwa kubwa, bwana."

Papa akafikiri kidogo. "Kweli, nimeshiba. Lakini mbona bado nina njaa?"

"Kitu kizito hicho, kinachelewa. Tulia hapohapo kiteremke."

Papa akatulia. Kila sauti ya Chazo ilivyokuwa ikienda mbali, Papa alidhani tumbo lake linazidi kukua, akafurahi.

Mize alipiga mikono mpaka ikawa haina nguvu. Akaufikia mwamba, akasimama kwenye maji ya kifundo, akakaa chini palepale juu ya mawe. Akasikia puta-puta-puta. Vuai alikuwa ameona kwa mbali tiara inaanguka, akaipiga mashine mateke mpaka ikakubali.

Akamvuta ndani ya boti. Akamtazama mikono, akamtazama miguu, akaona vipo vyote. Ndipo akaanza kufoka. "Si nilikwambia? Si ulisema mlangoni tu?"

 Meno ya Mize yalikuwa yanagongana kwa baridi.

Vuai akaacha kufoka, akamfunika shati lake. Kisha akatazama nje ya mwamba, akatia mkono juu ya macho. "Mize, yule si papa? Kavaa nini kichwani?"

"Tiara."

"Loh! Kajitanda kama bi harusi."

Mize akacheka, na kucheka kukageuka kilio, akalia mpaka kikaisha. Vuai akageuza boti kuufuata ubao.

Walipokuwa wanaupandisha ubao ndio wakamwona Chazo. Vuai akamshika mkia akavuta. Chazo hakutoka. Akavuta kwa mikono miwili. Chazo akazidi kukaza.

"Kitoweo hiki," Vuai akasema. "Lete kisu, nimkate hapahapa."

Chazo akasema haraka, "Dada Mize! Utamwachia mtu amkate aliyekuokoa?"

Mize akainama. "Nani kaniokoa?"

"Mimi hapa. Papa alitaka kukula, nikamkataza. Nikamwambia, huyu ni dada yangu, ole wako umguse, nenda kakitafune kile kitambaa. Yule papa ananisikiliza kama mtoto wangu."

"Mbona umekonda hivyo?"

"Kwa kuwafikiria nyinyi watu mnaotoka nje ya mwamba."

Vuai akasema, "Huyu mwongo."

"Huenda," Mize akasema. "Lakini mimi niko hapa." Akamwekea Chazo kiganja nyuma ya kichwa, hakumvuta, akamsukuma mbele taratibu. Pwa! Soli ikaachia. Akamtia kwenye maji ya ndani ya mwamba, yasiyo na samaki wakubwa, akamwacha.

Bosi wa Mize alikuwa anangoja ufukweni. Akauliza, "Tiara iko wapi?"

"Imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

Vuai akamwonesha kwa kidole. Bosi akatazama sana. 

Mize alikaa siku kadhaa hataki kuona maji. Akifundisha, anafundishia mchangani. Usiku akifumba macho anaisikia ile krrrr. Kisha siku moja upepo ulivuma vizuri, akasimama ufukweni kwa muda mrefu, akauchukua ubao bila kumwambia mtu. Ubao ukapanda juu. Akafika mlangoni, akageuza. Siku hiyo na siku zote, akifika mlangoni anageuza. Na akiwa kwenye maji ya ndani kila mara anaona ubao unavuta upande mmoja, akichungulia anamwona Chazo kabandika kichwa chake. Akirudi ufukweni humkatia kipande cha samaki katika chakula chake.

Na Papa? Papa alielea mpaka maji yakatoka, yakamchukua nje. Huko akapiga mbweu moja iliyowatoa ndege baharini. Akapiga nyingine. Tumbo likapwaya, akazama. Kitambaa kikachanikia kwenye mawe. Kwa papa wenzake akasema kwamba amemla Papa wa Juu, mzima, peke yake, na wao wakauliza alikuwa na ladha gani, akasema, "Mwepesi."

Lakini chawa wakamzidi. Ngozi ikawa inamuwasha, matamvua yanamuwasha, hana wa kumsafisha. Akaja mpaka mlangoni, akaita, "Chazo, rudi."

"Nirudi nile nini?"

"Nitakupa kiduchu."

"Bwana, sitaki kupewa. Wewe ukila, tafuna mdomo wazi, basi. Na lile neno la njoo mbele nikuone silitaki kulisikia tena."

Papa akajikuna kwenye mwamba, hakupata nafuu. Akakubali.

Tangu hapo Chazo ana nyumba mbili. Siku za upepo yuko chini ya ubao wa Mize. Siku za shwari yuko chini ya tumbo la Papa. Kwa Papa anasema, "Yule binti usimguse, ni chazo wa ukoo mkubwa, ndugu za yule uliyemla wakijua umemgusa watashuka." Kwa Mize anasema, "Usiwe na wasiwasi, yule papa nimeshamkanya." Kote wanamshukuru, na kote anakula.

Sasa, funzo la ngano hii mnalitaka?

— Tunalitaka!

Funzo lake ni kwamba uongo ni mbaya. Mdogo amwambie mkubwa kweli siku zote, hata akiwa na njaa.

— Ah! Mbona Chazo kawaongopea wote na kanenepa?

Kanenepa, ndiyo. Lakini hebu muulizeni kama anapata usingizi.

— Anapata?

Anapata. Analala mpaka kunakucha. Ila nyinyi msiongope.

Hapo ndipo ilipokomea. Aliyeielewa akamweleze mwenziwe, asiyeielewa asinirudishie mimi. Mdomo umenikauka, aliye karibu na mtungi anipe maji.